Marehemu Chini ya Chumba Kipya

Kasimiro alikuwa na pua ya kunusa shida za watu hata akiwa juu ya pikipiki. Asubuhi hiyo, mtaani Oli, alinusa ya Mama Driciru: nyumba nzuri ya matofali, imewekwa rehani kwa wakopeshaji wa Koboko, na mwenyewe yuko barazani akilalamika kwamba wapangaji wanamlilia, vyumba hana.

Akazima pikipiki, akavua kofia kwa adabu ya shemasi.

“Mama, deni ya Koboko tunahamisha. Iko kampuni hapa Arua. Inalipa wale, inakuongeza pesa juu, unajenga vyumba. Kazi ya kujenga, wachia mimi.”

“Na wewe unapata nini, baba?”

“Baraka tu, Mama.”

Baraka zenyewe alishazipangia matumizi. Nyongeza ikimfikia mkononi, angehamia Koboko kufungua baa, na Mama abaki kulia na deni mpaka nyumba imponyoke. Akauliza jambo moja tu: mume yuko wapi?

Driciru akaonyesha sakafu ya saruji nyuma ya nyumba. “Dumo? Nilimuzika pale,” akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Kasimiro akafurahi, Mungu amsamehe. Marehemu hasumbui mtu kuhusu sahihi.

Kasheshe ilianza Jovia, afisa wa kampuni, alipokuja kukagua. Hakuna kampuni inayopokea rehani yenye kaburi uani. Ikibidi kuuza, nani atanunua nyumba pamoja na baba wa watu?

“Hii nini?” Jovia akauliza, akigonga saruji kwa kiatu.

“Msingi ya vyumba vipya, madam,” Kasimiro akajibu bila kupepesa macho.

“Vizuri. Basi jenga. Nyongeza tunatoa kuta ikifika dirishani.”

Ulimi ulikuwa umemponza. Akauza pikipiki, akanunua matofali, akaanza kumjengea marehemu kichwani. Kila safu aliomba radhi kimoyomoyo, na vibarua wakadhani ameokoka. Mama Driciru alileta chai na kukagua pembe kwa umakini usio wa mjane.

“Baba, ukuta hii iko mupinda. Bomoa.”

Akabomoa.

Kuta zikafika dirishani. Jovia akarudi, akaridhika.

“Leo tunalipa Koboko. Nyongeza inaingia kwa akaunti ya Mama na mume wake. Mzee iko njiani, anakuja kutia sahihi.”

“Mzee gani?” Kasimiro akapayuka. “Amekufa! Iko hapa chini!”

“Si ulisema ni msingi?”

“Nilidanganya! Ni kaburi, madam! Naapa!”

Maskini, siku aliyoamua kusema kweli, kweli yenyewe ilikuwa uongo. Langoni akaingia mwanamume mnene na begi la safari, vumbi la Koboko bado mabegani. Akatia sahihi, kisha akazipapasa kuta kwa furaha.

“Msingi yangu imekaa bure miaka,” Dumo akasema. “Nani amejenga?”

“Huyu,” Driciru akajibu, kisha akamgeukia Kasimiro. “Kampuni hii ilikopesha dada yangu, baba. Masharti yake najua: kuta kwanza, pesa baadaye. Nilikosa tu mutu ya kuanza kuta.”

Dumo akamshika Kasimiro mkono kwa mikono yote miwili, akamshukuru kama ndugu, akamwuliza kama kesho atakuja kuendelea.

Kasimiro, asiye na pikipiki wala nauli, alimtazama marehemu kwa uchungu mkubwa. Kisha akauliza kibarua analipwa shilingi ngapi kwa siku.