Hita Iliyougua Kila Jumamosi

Égide alipolisikia lalamiko la Mzee Masumbuko, nje ya kanisa huko ugenini penye baridi, watu wakinywa chai, masikio yalimsimama kama ya paka aliyesikia sahani ikiwekwa chini.

"Shofaji yangu, hita hii ya nyumba, iko na pepo," Masumbuko alikuwa akisema. "Wiki nzima inawaka vizuri. Jumamosi tukikusanyika kwangu kuomba, inazima! Fundi akija Jumatatu, inawaka. Ananicheka, anaenda. Na wakwe wanakuja kumwomba binti yangu. Watatetemeka mbele yangu!"

Haya, nikutegee: nina mgonjwa wangu, akimwona daktari anapona, daktari akitoka anazidiwa. Wewe utasema ni mtoto asiyetaka shule. Égide aliona chakula. Ugonjwa unaojiondokea wenyewe ni neema kubwa kwa tabibu asiyejua kitu.

"Papa, mimi ndiye fundi wa hita za zamani," akasema, akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ufundi wake? Aliwahi kupanga maboksi ya hita kwenye ghala moja huko Smithfield, mpaka msimamizi alipomkuta amelala juu yake. Elimu ya kutosha kabisa.

Jumamosi akafika Rooty Hill, nyumbani kwa mzee, maombi yamepamba moto, hita imepoa. Mashine ya gesi ilikuwa darini, ikisukuma joto vyumbani kwa mabomba manene. Hewa yake iliivuta kupitia wavu mpana ulio sakafuni, karibu na mlango. Na juu ya wavu huo, kwa adabu zote tulizofunzwa za kutoingia na viatu ndani ya nyumba ya watu, waumini walikuwa wamerundika viatu vyao: buti za kazini, raba, viatu vya visigino, mlima mzima. Mashine ilikuwa imezibwa pumzi. Ikipata joto kupita kiasi, inajizima. Maboksi ya Smithfield yaliandikwa onyo hilo kwa herufi nyekundu.

Mtu mwema angesema, "Papa, sogezeni viatu." Lakini mtu mwema angerudi nyumbani na soda moja.

Égide akavisukuma viatu pembeni kwa mguu, taratibu. Akabandika sikio ukutani, akafumba macho, akaguna kama askofu. Alipoona muda umetosha, akaupiga ukuta konzi. Hita ikanguruma.

"Amina!" waumini wakaitikia.

Naye, mguu ule ule, akavirudisha viatu juu ya wavu. Haukupita muda, baridi ikarejea.

"Umeona, Papa? Nimeituliza tu. Huu ni ugonjwa wa mishipa ya ndani."

"Unataka nini?"

"Pesa? Hapana! Pesa zinaharibu undugu. Naomba ile van nyeupe ya nyuma ya nyumba." Sauti ikamtetemeka kidogo, na hapo hakuigiza: kwa van angebeba mizigo yake mwenyewe, asiamshwe tena na msimamizi yeyote.

Masumbuko akashika kifua. "Van yangu! Bora uchukue figo!"

Mkewe, Mama Faida, akamvuta jikoni. Wakanong'ona. Mzee akatoka na uso wa msiba. "Sawa. Wakwe wakikaa na joto mpaka waondoke, ni yako."

Jumamosi iliyofuata Égide alisimama mlangoni kama mhudumu wa hoteli, akipokea viatu vya wakwe na kuvipeleka uani mwenyewe. Nyumba ikachemka. Baba wa bwana harusi alivua koti, akavua sweta, akasinzia katikati ya mazungumzo ya mahari. Hakuna mkwe aliyewahi kukubali mambo kwa wepesi hivyo.

Van nayo ikawaka mara moja. Égide akataka iandikwe kwa jina lake papo hapo, mzee asije akajuta. Masumbuko akatia sahihi akijifuta machozi, kwa kasi ya ajabu.

Ilizima akiwa njiani kurudi kwake, mtaa wa Villawood, kwenye barabara ya viwanda. Akasukuma, akatukana, akabembeleza. Akapiga simu. Mama Faida akapokea.

"Mama, gari limezima!"

"Ee, shemeji, huwa linazima. Kesho litawaka. Gereji zote hazijaona ugonjwa. Wa vyuma chakavu nao walitaka tuwalipe ndiyo walichukue."

"Mbona hamkuniambia?"

"Na wewe mbona hukutuambia habari ya viatu? Nilikuwa jikoni nasonga ugali, baba, nikakuona. Tena kiatu changu cha kijani umekikanyaga."

Simu ikakatwa. Kuitelekeza van haikuwezekana. Ilikuwa na jina lake, kwa haraka yake mwenyewe. Alikuwa bado anailaani kwa Kiswahili safi, mtu mmoja mwenye fulana ya kiwandani akasimama.

"Kaka, unaiuza hiyo?"

Égide akafuta jasho, akasimama wima, akalipiga boneti kofi la upendo.

"Hii? Hii nilikataa kumuuzia mchungaji. Ila wewe una uso wa ndugu."

"Asante," yule bwana akasema, akaketi nyuma ya usukani na kunyoosha mkono. "Lete ufunguo, nisikie inavyowaka."