Meli ya Siku ya Sabato

Mwaka ule wa 1973 mwalimu mmoja wa Nyanchwa, huku milimani mbali na bahari, alikwenda likizo Mombasa, akarudi na kofia ya ukindu. Tangu siku hiyo kanisa zima la Wasabato halikusikia mahubiri. Lilikuwa likitazama kofia iliyopakatwa mapajani mwa mwalimu. Nyasani, ambaye hakuwahi kufanya kazi ya jasho tangu azaliwe, aliuona wivu ule akajua riziki imefika.

"Mama, Mombasa wanaenda hata makarani," alimwambia Bathsheba, mwenye duka la vitambaa na sauti kubwa kuliko zote katika kwaya nzima. "Wewe ni mtu wa kwenda kisiwani. Kuna kisiwa kinaitwa Bundamawe. Kuna maporomoko yanamwagikia baharini, pango linaimba lenyewe, na kobe mmoja anapandwa na watu wanne."

"Wanne?"

"Wakiwa wanene, watatu."

Bathsheba hakuuliza kisiwa kiko upande gani. Aliuliza kama kutakuwa na mpiga picha.

Nauli ilikuwa mtamba mmoja kwa kila kiti, kwa kuwa nahodha wa meli, eti, alikuwa mpenzi wa kufuga. Upuuzi huo ulimezwa na Bathsheba na wanakwaya wenzake watatu, watu waliosoma na kuvaa miwani. Ukweli ni kwamba Nyasani alitaka kuoa. Alimpenda Nyanchama wa Nyamarambe hadi usingizi ukamkimbia, na mji mzima ulijua. Naye mzee Momanyi, baba wa binti, alikuwa amesema waziwazi: hakuna ng'ombe, hakuna mke.

Mitamba walipokwisha kuswagwa hadi zizini kwa Momanyi, ndipo Nyasani akatangaza siku ya safari: Jumamosi, saa tatu asubuhi, mbele ya posta. Asiyefika, nafasi yake imepotea.

"Jumamosi?" Bathsheba alishika kifua. "Unajua sisi ni Wasabato! Basi nirudishie mtamba wangu."

"Mama, umechelewa. Sasa hivi nahodha anakunywa maziwa yake."

Bathsheba alimkazia macho. Mtamba wake hakuwa amepandwa hata mara moja; maziwa yangetoka wapi? Nyasani, mtoto wa mjini, alikwenda zake akipiga mluzi.

Jumamosi alisimama mbele ya posta na suti yake, akitazama saa kwa madaha, ili watu washuhudie kwamba yeye alifika. Mara akamwona Momanyi anakuja na sanduku kichwani, nyuma yake mkewe, shemeji yake na Nyanchama mwenyewe na mwavuli.

"Mkwe, meli iko wapi?"

Nyasani aliinamisha macho, kama desturi inavyomtaka mtu mbele ya baba mkwe. "Baba, kwani mnaenda wapi?"

"Bundamawe! Mama Bathsheba alikuja Alhamisi na wenzake. Wao wamefungwa na Sabato, mimi ni Mkatoliki. Wameniachia nafasi zote nne, nikawapa wale mitamba wako. Kijiji chote nimekiaga. Padre ameniombea!"

Kubishana na baba mkwe ni aibu. Kumwambia ukweli ni kumkosa binti. "Meli imechelewa kidogo," alisema Nyasani.

"Tutangoja." Momanyi akakalia sanduku.

Walingoja hadi Wasabato wakateremka kutoka ibadani Nyanchwa, Bathsheba akiwa mbele na Biblia kwapani.

"Sabato njema. Bado hamjaondoka? Nyasani, msalimie nahodha. Mwambie mtamba wangu amerudi salama, na maziwa yake bado hayajaonekana."

Momanyi alimtazama Bathsheba, akaitazama barabara tupu, kisha akasimama polepole.

"Nyasani," alisema. Hakusema tena mkwe.

Nyanchama alifunga mwavuli wake. "Baba, twende nyumbani," alisema. "Huyu hana ng'ombe, hana meli. Hata kofia hana."