Washauri Wawili, Nyumba Moja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Muhuri umekataliwa. Wiki ya sita hii tangu tuombe mkopo wa nyumba, na leo benki inadai muhuri wa kazini kwangu umefifia. Barua ni ya kweli, sahihi ni ya bosi mwenyewe, mshahara ni ule ule mdogo ninaoujua, lakini wino haukukolea, basi karatasi irudi. Mshauri wetu wa mikopo, anayetupelekea ombi benki, alinieleza hayo kwa utulivu, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Ni mama mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na kila mteja ana faili la rangi yake. Letu ni la kijani. Kimoyomoyo namwita Mama Mafaili. Nilimuuliza kama hakuna njia ya mkato. Akasema mvumilivu hula mbivu. Nilitaka kumwambia mbivu zikikaa sana huoza. Nikameza.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajichanganya mwenyewe. Miezi minne iliyopita mwenye nyumba alitwaa chumba chetu kimoja kati ya viwili, mwanawe ameoa. Mke wangu na binti yetu wa miaka sita wakahamia kwa dada yake mke wangu, upande wa pili wa mji. Kwa muda tu, tulisema. Mimi nimebaki na jiko, ndoo na kitanda ambacho sasa ni kikubwa mno. Kisha tukapata nyumba ya kununua. Vyumba viwili, jiko lenye dirisha. Mwenye nayo ni mwalimu mstaafu anayehamia kwa binti yake. Ametupa hadi mwisho wa mwezi huu. Ikipita hapo anauza kwa mwingine.

Siku tulipokwenda kuiona, mke wangu alisimama pale dirishani, akapima ukingo wake kwa shubiri. Moja, mbili, mpaka saba. Hakusema anapima nini. Tangu siku hiyo naitaka nyumba ile mpaka inaniuma.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nilikwenda kumtembelea mke wangu wa ndoa, mfuko wa machungwa mkononi, kama mchumba. Yeye na mtoto wanalala kwenye chumba cha cherehani. Sote tulikaa sebuleni kwa adabu. Mume wa dada yake, mwanyumba wangu, akanionyesha vigae vyake. Vigae hivyo nimeonyeshwa mara tisa. Akauliza mkopo umefika wapi. Nikasema umefika kwenye muhuri. Alicheka hadi akashika mbavu. Wake, alisema, ulitoka ndani ya wiki mbili, maana mshauri wake ni kijana wa kisasa, mambo yake chapuchapu, hana habari ya mihuri. Akaniandikia namba yake nyuma ya risiti.

Ilipofika saa mbili Mwanyumba akaanza kupiga miayo ya kufukuza wageni. Mke wangu akanisindikiza getini. Alinifunga kifungo cha juu cha shati, ingawa kulikuwa na joto. Akauliza zimebaki wiki ngapi. Nikasema chache. Geti likafungwa, nikasikia komeo. Nilisimama pale nje kama muuza mikeka. Harufu ya mafuta yake ya nywele ilikuwa bado kwenye kola.

Risiti ninayo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimekwenda kwa Chapuchapu. Ofisi yake iko juu ya duka la dawa, kiyoyozi kinavuma, hakuna faili hata moja. Kila kitu kimo kwenye simu. Aliniletea juisi kabla sijakaa. Sijawahi kuletewa juisi na Mama Mafaili. Akauliza kama nina mshauri mwingine. Nikasema hapana. Swali lilikuja ghafla.

Kwenye mshahara akanishauri tuandike wa Desemba. Mimi nachapa kadi za harusi, na Desemba watu huoana kama wameahidiwa zawadi. Nilishinda kazini mwezi mzima, malipo ya muda wa ziada yakakaribia mshahara wenyewe. Mama Mafaili aliyaweka pembeni, akasema benki hutazama mwezi wa kawaida. Chapuchapu anasema mwezi wa kawaida ni fikra za watu wanyonge. Nimempenda sana. Hakusema anapeleka ombi benki gani, nami sikumuuliza, mtu asije akaonekana mshamba.

Mpango ni huu: Mama Mafaili simwachi. Nawaweka wote wawili, kila mmoja asijue habari za mwenzake. Atakayefika wa kwanza ndiye. Najua wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Sawa. Likiponyoka moja, si linabaki jingine? Wahenga hawakupiga hesabu hiyo.

Mke wangu sijamwambia. Namtunzia kama zawadi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mama Mafaili amepiga simu nikiwa mashineni. Muhuri mpya umekubaliwa. Mthamini wa benki alishaipima nyumba wiki iliyopita, ripoti ni nzuri, na majibu yanatoka Ijumaa hii. Nilijibu kwa sauti ya mgonjwa ili mazungumzo yawe mafupi. Akanipa pole, akaniambia ninywe maji ya moto yenye limau. Aibu ilinipata, siwezi kukataa.

Nikaamua kumsimamisha Chapuchapu. Nikampigia papo hapo. Akasema kwake majibu ni Alhamisi.

Siku moja mbele! Nimeiwaza hiyo siku moja mchana kutwa. Nilikuwa nachapa kadi mia tatu za bwana na bibi fulani wanaotukaribisha kushuhudia furaha yao. Kadi yetu sisi niliichapa mwenyewe kwenye mashine hii hii, nikairudia mara tatu hadi rangi ya dhahabu ilipokaa vizuri. Siku moja ni siku moja. Nimemwacha aendelee.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Majibu hayakuja. Amekuja mthamini. Chapuchapu alisema ni hatua ya mwisho kabisa, nikaomba ruhusa kazini nikakimbilia kwa mwalimu mstaafu.

Ni mthamini yule yule aliyepima wiki iliyopita, nami nikiwepo. Futi yake ile ile ya kujikunja. Alisimama mlangoni akaitazama nyumba, akanitazama mimi, akatazama karatasi yake. Mwalimu akauliza kama nyumba imekua tangu wiki iliyopita. Nikamweleza kuwa benki kubwa hupima mara mbili, wakati wa baridi na wakati wa joto, maana kuta hutanuka. Mwalimu amefundisha sayansi miaka thelathini. Akaenda kumwagilia maua yake.

Mthamini alipima upya vyumba vyote, akaandika sana. Nilimfuata jikoni. Jua la saa tisa lilikuwa limelala juu ya ule ukingo wa dirisha. Nikaweka kiganja changu pale, basi tu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimejimaliza.

Mama Mafaili alinipigia saa nne, akaniomba nifike. Faili la kijani lilikuwa mezani, limefungwa. Akanieleza polepole. Asubuhi mkopo wetu ulikuwa umeshapita, karatasi zinasubiri sahihi tu. Ndipo karani wa benki akaona ombi la pili. Benki ile ile, nyumba ile ile, mtu yule yule, mishahara miwili. Benki ikipata mtu mwenye mishahara miwili haiulizi upi ni wa kweli, inasimamisha yote. Imesimamisha yote.

Hakupandisha sauti. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Haraka ilikuwa ya nini, mwanangu?"

Ningemwambia nini? Kwamba kuna mtu alinifunga kifungo cha shati? Nikasema niliponzwa na juisi. Akavua miwani akaifuta muda mrefu.

Chapuchapu hapokei simu. Mara ya nane ilipokelewa na msichana wa duka la dawa, akasema ametoka kidogo, tangu jana.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Niliamka na mpango wa kutomwambia mke wangu chochote hadi nirekebishe mambo kimyakimya. Saa tatu akabisha hodi. Mwalimu mstaafu alimpigia jana kumuuliza kama mumewe ni mzima, kwa sababu ya kuta zinazotanuka. Walimu wanasimuliana, mke wangu anafundisha chekechea.

Nilieleza yote. Juisi sikuitaja. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, upande wake, mkoba mapajani kama yuko kituoni. Miezi minne nimeomba akae hapo.

"Nimelala miezi minne chini ya cherehani," akasema. "Nilikuwa nimebakisha wiki mbili. Wewe umeziona nyingi?"

Nikasema ndiyo, niliziona nyingi. Nikasema nyumba hii haikaliki bila yeye, naongea na ndoo. Akainama. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha akalia kweli. Hakubaki kula. Alisema Jumanne tunakwenda wote kwa yule mama, na mimi nitafungua mdomo pale tu nitakapoulizwa.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Nimeandika barua ya kujieleza kwa benki, kwa mkono wangu, mbele ya wanawake wawili. Rasimu ya kwanza ilikuwa na aya mbili kuhusu Mwanyumba. Mama Mafaili akazikata. Ya pili ilikuwa na aya kuhusu mthamini. Mke wangu akaikata. Ya nne ilibaki mistari mitano: niliomba mara mbili, mshahara wangu wa kweli ni ule mdogo, ombi la pili naliondoa, samahani, sahihi. Sijawahi kuandika kitu kifupi hivyo maishani.

Ilibaki sahihi ya Chapuchapu kwamba amejitoa. Mke wangu akapanda zile ngazi za duka la dawa peke yake, mimi nikabaki chini kati ya sabuni na dawa za meno. Alirudi baada ya dakika mbili na karatasi iliyosainiwa. Sikuuliza alimwambia nini.

Njiani akanipa habari nyingine, kwa upole uliozidi. Dada yake amefichua. Mkopo wa Mwanyumba ulichukua miezi saba. Wiki mbili ni muda ambao Chapuchapu hakupatikana kabisa kwenye simu.

Ijumaa, tarehe 28 Machi

Tumepata! Benki ilikubali juzi, kwa mshahara mdogo, kwa hiyo tutalipa miaka mingi kuliko tulivyopanga. Mwalimu alitungoja mpaka siku za mwisho. Alisema anamngoja mke wangu, si mimi. Leo tumesaini. Mama Mafaili alikoleza wino mwenyewe kwenye kila muhuri, akaninong'oneza kwamba nina mke. Nikasema najua. Akasema hapana, hujui.

Funguo zimo kwenye mkoba wa mke wangu. Mimi nimepewa mmoja, wa mlango wa mbele. Kesho ni kuhama. Kila kitu amekipanga yeye: lori ni la dereva anayebeba madawati ya chekechea yao, saa tatu asubuhi, safari mbili, kwanza mizigo yangu kisha yake. Kazi yangu ni kutangulia kufagia nyumba na kuwangoja. Nisiguse kingine. Nimeahidi.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Saa kumi na mbili kasoro, jioni. Naandikia sakafuni. Nyumba inang'aa. Nimefagia mara tatu, nimepiga deki mara mbili, nimefungua madirisha yote. Kila hatua yangu inatoa mwangwi, maana ndani hamna kitu wala mtu. Chumba cha nyuma kinapata upepo mzuri. Kitanda kitakaa pale, kichwa upande wa ukuta. Nimelala chini kidogo kupima. Nimeacha nafasi upande wake.

Niseme ukweli, daftari hili halina wa kulisoma. Jana jioni nilimwambia dereva wa lori la madawati asije. Saa tatu asubuhi, safari mbili! Hesabu ilionyesha mke wangu angefika saa nane mchana. Nikampata mwingine sokoni, lori kubwa, safari moja, saa moja asubuhi. Angefika saa nne. Nilitaka nimwone saa nne.

Saa moja hakuja. Saa tano alisema anaweka upepo kwenye matairi. Saa nane simu yake ikazimwa. Saa kumi na moja na nusu ikabidi nimwambie mke wangu ni lori gani alilokuwa akilingoja tangu asubuhi, amekaa getini kwa Mwanyumba juu ya sanduku, mtoto mapajani. Akakata simu. Baadaye kidogo akapiga, akasema ameshampigia yeye mwenyewe yule dereva wa madawati. Yupo kwenye kazi nyingine, amekubali, anafika kwao baada ya dakika arobaini. Akaniambia neno kwa neno: kaa, ngoja, usishike simu.

Nimekaa. Nimengoja kama robo saa. Nilipokuwa naongea naye nilimsikia Mwanyumba nyuma yake akisema kuna jamaa yake mwenye lori, yuko karibu kabisa, dakika kumi tu. Namba Mwanyumba alinitumia kwa ujumbe.

Nje watu wanarudi makwao, kila mmoja na mfuko wake. Hizo dakika arobaini mtu aliyekaa miezi minne bila mkewe anazipeleka wapi?

Nimempigia huyo jamaa wa lori. Naye yuko njiani.