Tuktuk Inayokaa Eda Kituoni

Dama binti Kaingu,
Mji wa Kale, Mombasa.

Kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi.

Mheshimiwa Bwana Mkuu,

KUH: TUKTUK YA MAREHEMU MUME WANGU KUKAA EDA KUNISHINDA MIMI

Nakutumia salamu nyingi, nikitumai wewe na maafisa wako mu wazima. Mimi ni mzima kiasi cha mtu aliyefiwa. Sikusoma sana, niliishia darasa la nane, kwa hivyo pakiwa na kosa la adabu humu, lihesabu ni kosa la shule.

Kama faili inavyoeleza, mume wangu aligongwa kule Mbaraki akiwa ndani ya tuktuk yake, ameegesha pembeni akingoja abiria. Gari kubwa jeupe lilimjia kwa nyuma. Alifariki papo hapo. Polisi walifika, wakayashika magari yote mawili kama sheria inavyowaruhusu, na hapo sina neno. Neno langu ni juu ya yaliyofuata, nami nayapanga kwa nambari ili usichoke.

1. Gari jeupe lilitoka kituoni siku ile ile. Mume wangu alikuwa bado hajaoshwa. Koplo Barnabas alinieleza kwa upole kwamba mwenye gari ni mtu wa shughuli nyingi. Nililikubali hilo. Lakini kwetu hata jirani mliyegombana huja akaketi matangani siku tatu. Gari lile halikungoja hata kahawa ya msiba.

2. Tuktuk ilibaki. Niliambiwa ni kielelezo cha kesi, na lazima mkaguzi wa magari aitazame. Mkaguzi akaja, akaandika kwamba breki hazishiki. Ni kweli. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeingia kwenye kiti cha abiria, sijui breki ingeshika nini. Juu ya breki za gari jeupe hakuandika kitu, kwa kuwa halikuwepo. Wala hakuandika maneno ambayo mume wangu aliyachora mwenyewe nyuma, kwa rangi ya kijani, herufi kubwa: NYUMBANI NANGOJEWA. Aliyemjia kwa nyuma alikuwa na nafasi nzuri ya kusoma.

3. Nilikaa eda yangu, miezi minne na siku kumi, bila kupunguza. Nilipotoka, safari yangu ya kwanza ilikuwa kituoni, na tangu hapo nakuja kila Alhamisi. Nikaikuta tuktuk ingali inakaa yake. Bwana Mkuu, eda hukaliwa na mke. Ikiwa afisi yako imethibitisha kwamba tuktuk ilikuwa mke wa marehemu, ilifaa niambiwe mapema, maana dalili niliziona. Aliiosha kila alfajiri na kuifuta kwa fulana yake nzuri. Viti vyake alivishonea leso yangu ya arusi. Tuktuk ikikohoa, yeye halali. Nikikohoa mimi, ananigeuzia mgongo. Sikatai kuwa na mwenzangu. Ninachokataa ni mwenzangu kulazimishwa ucha Mungu wa kuniaibisha.

4. Mjane wa eda huvua mapambo, hilo najua. Kila Alhamisi nikija naona kimepungua kitu: redio, vioo vya pembeni, taa, betri. Kwanza nilidhani ni wizi, Mungu anisamehe. Kisha nikafahamu kwamba kituo chako kina wanazuoni. Lakini juma lililopita nimeikuta haina gurudumu hata moja, imewekwa juu ya matofali. Hapo wanazuoni wamepita mpaka. Hakuna mahali mjane alipoamrishwa avue miguu.

Ndani ya kisanduku cha mbele, tena, mlikuwa na mabuyu mekundu ya sukari. Alininunulia kila jioni, na kila jioni yalifika nusu, naye midomo imekuwa myekundu, akiapa kwamba mwenye duka ndiye aliyepunja. Mabuyu hayo sikuyakuta. Sitaki kujua ni nani aliyemaliza nusu yangu.

5. Mjane wa eda hakai faragha na wanaume wa kando. Nimewakuta maafisa wawili ndani yake, wamevua viatu, wanakula viazi vya karai. Nilipowasalimu, mmoja akaniambia, “Karibu mama, panda,” kana kwamba tunakwenda Ganjoni.

6. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kuna bwana mmoja, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, amekuja mara mbili akaizunguka tuktuk na kuigongagonga ubavuni kwa kidole. Nilipouliza, Koplo Barnabas akasema, “Anaangalia tu, mama.” Bwana Mkuu, hata mimi niliangaliwa tu, na nikaolewa. Kumposa mjane aliye edani ni haramu. Na bwana huyo akiwa na nia ya kweli, posa ailete kwangu. Koplo si walii wake.

Kwa hivyo naomba moja katika haya. Tuktuk itolewe edani nipewe. Kaka yangu Kazungu ameichungulia, asema yatengenezeka, na yuko tayari kuiendesha; nyumbani hatuna kingine cha kutuletea riziki. Kama hilo haliwezekani, gari jeupe lirudishwe nalo likae, japo siku tatu za matanga, na dereva wake atandike jamvi aketi kando yake. Na kama hilo nalo ni zito, basi nishikwe mimi. Mimi pia niligongwa siku ile, na hakuna mkaguzi aliyekuja kunitazama.

Naishia hapa nisikuzidishie kazi. Nisalimie Koplo Barnabas, na umuulize kama mgongo wake umepoa. Nisalimie Konstebo Wanza, ambaye hunipa kiti chake akasimama yeye. Wasalimie pia mahabusu wanaofagia uwanja, ambao ndio pekee waliowahi kuipangusa tuktuk vumbi.

Mimi, kwa heshima na taadhima,
Dama binti Kaingu
(Mjane Mkubwa)

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha Konstebo Wanza aliponipigia simu. Asema tuktuk imeachiliwa, nije Jumatatu na kitambulisho, na faili itafungwa. Nashukuru sana. Lakini naomba msiitoe bado. Nyumbani na mtaani watu wana huruma, wamepatana wasimtaje mume wangu. Nikiingia hubadilisha mazungumzo. Kwenu tu, kila Alhamisi, Koplo Barnabas huchukua kalamu akaniuliza upya kama hajapata kuniona, “Marehemu aliitwa nani, mama?” Nami humtajia jina lote, polepole: Athmani Dzoro Mwaringa. Naye hulirudia kwa sauti akiliandika. Kazungu nimemwambia avute subira. Iacheni hapo ilipo, Bwana Mkuu, nami Alhamisi nitakuja kulalamika.