Binti Yangu Amesalimia Simu

Watu wangu, leo nimeaibika mbele ya akina mama saba wa kanisa. Mchana kweupe!

Nilitoka Londiani asubuhi, nilikokuwa nikichimba viazi. Kabla ya hapo nilichuma chai Kericho. Kabla ya hapo sikumbuki. (Miguu yangu haijui kukaa.) Nimekuja Kaplong kwa Mama, anayenilelea binti yangu Chebet, mwenye miaka mitatu. Miezi mitano sijamgusa. Tunaonana kwa simu tu, kila jioni, mimi nikiwa kwenye chumba cha kukodi na sufuria yangu moja.

Na nilikuja na jambo. Nimesoma mahali kwamba si vizuri mtoto mdogo kukodolea simu macho kutwa. (Shule niliacha darasa la sita, kusoma sijaacha.) Mama naye alikuwa amenilalamikia kwamba Chebet hulilia simu tangu aamke. Basi, hata chai sijaonja, nikaanza.

"Mama, mtoto huyu umemzoesha simu."

"Mimi?"

"Wameandika hapa. Ngoja nikusomee."

Nikatoa simu, nikasoma. Ujumbe ukaingia, nikaujibu. Halafu nikajikuta natazama video ya ng'ombe anayefungua geti kwa pembe.

"Na hiyo ya ng'ombe pia iko kwa mahubiri?" akauliza jirani yetu, Mama Kiprono, mmoja wa wale akina mama wa kanisa waliokuwa wakinywa chai sebuleni. Wenzake wakachekea ndani ya vikombe.

Ndipo Chebet akaingia. Amekua! Kwetu mtoto hampi mkubwa mkono; huinamisha kichwa, mkubwa akakigusa. Akazunguka vizuri: kichwa kwa huyu, kichwa kwa yule. Nikapangusa mkono wa kulia kwenye suruali, nikauweka tayari.

Akafika kwangu. Akanitazama kama unavyomtazama fundi aliyekuja kupigilia mabati. Kisha akainamisha kichwa.

Kwa simu.

Simu iliyokuwa kwenye mkono wangu wa kushoto! Akakigusisha kwenye kioo, akangoja.

"Woi! Anasalimia baba yake!" Mama Kiprono karibu amwage chai.

"Chebet, baba ni mimi."

Akachungulia kioo. Kilikuwa cheusi.

"Baba amezima," akasema kwa huzuni, akaenda zake kwa nyanya yake.

Nani aliyemzoesha simu? Chumba kizima kilijua. Mama akanimiminia chai tu. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nikatumbukiza simu kwenye mkebe wa sukari, nikatoka nje. Sebule ina kadirisha kadogo kasiko na kioo. Nikaingiza uso hapo katikati.

"Chebet!"

"Baba!"

Akakimbia, akapanda stuli, akainamisha kichwa. Nikapitisha mkono, nikamgusa. Kumbe nywele zake ni laini hivi. Kichwa kina joto. Kwenye simu hayo hayaonekani.

"Network imeshika!" akapiga kelele Mama Kiprono.

Mvua nayo ikaanza, ile ya kwetu isiyobisha hodi.

"Wewe, ingia ndani, utalowa," Mama akasema.

"Nikiingia atanipoteza."

Nikasimama pale, mabati yakinimwagia maji shingoni, mpaka Chebet akabebwa, akasinzia mgongoni mwa Mama. (Si mgongoni mwangu. Bado.) Simu nimeitoa ili kuwaandikia haya tu, inarudi kwenye sukari sasa hivi. Naomba msicheke.

Mtamwamsha.