Lokesheni Nzima Inanong'ona

Githinji wa Mashine ya Kusaga,
Soko la Kyamuvisi, njia ya Masii,
Machakos.
Juni 1998

Kwa Bwana Chifu,
Lokesheni ya Kyamuvisi.

Bwana Chifu mpendwa,

KUH: WANANCHI KUACHA KUTOA SAUTI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama wa nyumbani pamoja na ng'ombe wako wa gredi. Mimi ndiye mwenye mashine ya kusaga pale karibu na kichinjio. Unanifahamu, maana unga wa nyumba yako hupita mikononi mwangu. Nilitoka Murang'a nikiwa kijana, nikafunga injini ya dizeli hapa, na tangu hapo nimekaa kando yake kila siku ya kazi. Sijawahi kuleta malalamiko ofisini kwako, lakini sasa nimeshindwa kuvumilia.

Bwana Chifu, tangu zile mvua kubwa za El Nino, watu wako wameanza kunong'ona. Mwanzoni nilidhani ni mafua, kisha nikadhani ni adabu. Sasa naona ni mpango. Naomba nieleze.

1. Mama Kalekye, yule muuza maharagwe, aliniletea mahindi yake nikayasaga vizuri. Alipofungua gunia akajishika kichwa. Kumbe alitaka yakobolewe, akapike muthokoi, na mimi nimempa unga laini wa uji wa mtoto. Anadai alisema "koboa" mpaka koo likamkauka. Mimi niliona midomo ikicheza tu. Nilimwomba kwa upole asiwe mchoyo wa sauti. Alinijibu jambo refu, lakini kwa kunong'ona, ingawa mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

2. Tabia hii imeambukiza hata vyombo. Injini yangu, ambayo zamani ilisikika ng'ambo ya mto, siku hizi imetulia kama paka aliyeshiba. Nilijipongeza kwamba ni ile oili mpya. Wateja wakifika mlangoni wanaziba masikio kwa viganja. Nadhani ni baridi ya mwezi huu. Redio nayo nimeibadilishia betri, kisha nikabadilisha redio yenyewe, wapi! Nikiifungua mpaka mwisho, majirani hufika mlangoni wakinipungia mikono yote miwili. Huwa nawakaribisha chai.

3. Harusi ya Nzembi. Hapa, Bwana Chifu, nilidhalilishwa hadharani. Unajua mimi ni mzee wa kanisa, na kazi yangu siku za sherehe ni kupanga mabenchi. Pasta, ambaye zamani alikuwa na sauti ya kutikisa mabati, alisimama mbele ya maharusi akauliza jambo kwa kunong'ona huku akiangalia huku na huku. Nikajua anatafuta mtu wa kubeba mabenchi kuyapeleka kwenye hema la chakula. Hakuna aliyejitolea. Vijana wa siku hizi! Nikasimama na kuinua mikono yote miwili.

Kanisa likanigeukia. Pasta akashuka mpaka karibu nami, ndipo nikamsikia akisema, "Mzee Githinji, uko na neno?"

"Niko nalo!" nikamjibu kwa moyo mkunjufu. "Na niko na mkokoteni hapo nje!"

Mama wa bwana harusi alianguka juu ya ngoma. Bwana harusi alimwangalia Nzembi kama anayemuuliza yeye na mkokoteni wangu wamejuana wapi. Nzembi akaanza kulia. Wagaki, mke wangu, alinivuta koti nikaketi kwa nguvu. Baadaye nikaelezwa kwamba Pasta alikuwa akiuliza kama kuna mtu anayepinga ndoa ile. Sasa swali zito namna hiyo linaulizwaje kwa sauti ya mtu anayetafuta sindano? Wawili hao waliozwa salama, nashukuru, na mabenchi niliyabeba peke yangu.

4. Hili la mwisho linakuhusu wewe pia. Utakumbuka barazani Mutindi, fundi wa mawe, alisimama akaonyesha kwa mikono kwamba nguzo ya daraja letu ina ufa unaoingia ngumi. Wewe ukachukua kipaza sauti, na wewe nilikusikia vizuri sana, ukasema: "Daraja halina ufa. Ule ni mstari wa mapambo." Nilipiga makofi. Nilipiga peke yangu, lakini nilipiga. Daraja lile nalivuka kila siku ya soko na sijawahi kulisikia likilia.

Siku ya soko iliyofuata nikapakia magunia ya unga kwenye mkokoteni wa punda. Nilipokaribia mto niliona watu wamejaa ng'ambo ile, mikono juu, midomo wazi. Nikajua wananipongeza kwa kumuunga mkono Chifu wao. Nikawapungia. Punda alifika mwanzo wa daraja akagoma. Punda, Bwana Chifu, husikiliza sana umbea. Nikamfungua, nikashika mkokoteni mwenyewe na kuuvuta mpaka katikati.

Daraja likaketi.

Nilijikuta majini mpaka kifuani, magunia yamepasuka, mto mzima umekuwa uji. Maji yalianza kunichukua. Mutindi akajitosa na nguo zake, akanishika kola, akanikokota hadi ukingoni. Wagaki alikuwa pale, ameketi kwenye tope na nguo zake za kanisani, kinywa wazi, machozi yakimtoka. Nilimuuliza kwa nini analia bila sauti. Wote wananiambia kwamba walipiga mayowe yaliyosikika mpaka Masii. Mayowe gani? Mimi nilikuwepo!

Nashukuru kwamba ulifika haraka na kipaza sauti chako ukatangaza kuwa daraja halijaanguka, limeinama tu. Nikiwa bado na unga kwenye nyusi, nilikubali. Watu walicheka, naona, ila kwa kunong'ona.

Siku hiyo nyumbani Wagaki alinishika mashavu, akaweka mdomo wake sikioni kwangu, akasema, "Baba Wacera, wewe huskii!"

Nikamwambia, "Mbona hilo nimelisikia?" Akaniachilia, akaenda kuanika nguo zangu.

Kwa hayo yote, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo. Kwanza, utoe amri kila mwananchi azungumze kwa sauti kamili, kuanzia kwaya. Pili, bwana afya apite kila boma akague makoo, maana lokesheni nzima haiwezi kuugua mimi nikawa mzima peke yangu bila sababu. Tatu, Mutindi ashukuriwe kwa kuniokoa, kisha akatazwe kuona nyufa. Ule ufa haukutusumbua hata kidogo mpaka yeye alipoutaja.

Nisalimie mama, wazee wa baraza, karani wako, na yeyote atakayekusomea barua hii, mradi aisome kwa sauti.

Ni mimi wako mwaminifu, katika kusikilizana,
Githinji wa Mashine

Tanbihi: Kabla sijaitia barua hii kwenye bahasha, Wagaki amenipeleka dispensari kwa lazima, akisema ni kifua, kwa sababu ya yale maji. Sista Khadija hakugusa kifua. Alinimwagia mafuta ya uvuguvugu masikioni, akangoja, kisha akapiga maji kwa bomba. Bwana Chifu, imetoka nta iliyokandwa na unga wa miaka yote hiyo, tonge ambalo lingetosha chapati. Sista ameniambia kwamba masikio hayatarudi yote, injini imekula sehemu yake, lakini yaliyobaki ni ya kunitosha.

Tulirudi kwa miguu, Wagaki nyuma yangu. Nikamsikia akisema polepole, kama mtu aliyezoea kutojibiwa, "Nilifikiri mto umenichukulia mtu wangu." Nikageuka nikamwambia, "Haujanichukua." Aliruka pembeni kama aliyeona nyoka, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo futa namba moja mpaka nne. Badala yake nalalamika kwamba watu hapa wanapiga kelele kupita kiasi, hasa wakizungumza nami, na ile injini yangu ni aibu kwa soko. Na kwa kuwa baraza la kuzungumzia daraja ni wiki ijayo, nimeongea na Sista Khadija kwa niaba yako. Mafuta bado yapo, bomba ni safi, na anasema kwa mtu wa serikali atatumia lile kubwa.