Tone la Mjomba

Jumanne, 4 Juni

Wewe uliyeiokota shajara hii, nakusihi kwa heshima ya wazazi wako: funga mdomo. Usimsomee hata paka. Mimi ni karani wa masijala ya zahanati, bado niko kwenye majaribio, na mama ananitegemea.

Tangazo limebandikwa. Asiyepimwa malaria kufikia Ijumaa hathibitishwi kazini. Kidole kitachomwa! Mimi huzimia nikiona sindano ya kushonea kifungo.

Dada wa Maabara ametuonyesha kipimo chenyewe. Kipande cha plastiki, urefu wa kidole. Hakina betri wala waya. Tone la damu, matone ya dawa, basi: damu inatambaa yenyewe ndani ya karatasi, kama wino kwenye daftari bovu. Mstari mmoja, mzima. Miwili, mgonjwa. Akasema hakidanganyi. Nimekipenda. Ila hakisemi damu ni ya nani!

Jumatano, 5 Juni

Mpango tayari. Mjomba ni fundi cherehani, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara. Hujichoma kila siku, kisha hulaumu kitambaa. Damu inapotea bure! Nimechukua kipimo chenye namba yangu, nikakaa naye mapumziko yote. Hajajichoma hata mara moja. Fundi gani huyu? Kavaa sweta juani, anapiga miayo. Akaniuliza mbona navikodolea macho vidole vyake kama paka buchani. Nikamjibu namwonea fahari.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemshtua. Nilipiga kelele kwamba suruali ya Mwenyekiti wa mtaa inaungua kwenye pasi. Akajichoma! Akaniita mpwa asiye na haya. Nikamshika kidole kwa upendo mkubwa, tone likaingia kwenye kipimo, mbio hadi maabara. Nikadai nimejichoma mwenyewe. Dada akatia dawa, akanisifu: kumbe mdogo wake ni dume!

Robo saa. Mistari miwili.

Nikapewa vidonge na siku tatu za kupumzika. Nikatoka napiga mluzi. Getini nikakumbuka. Sweta. Miayo. Malaria ile si yangu!

Nikafikiri nimpe vidonge kimyakimya, nimwambie ni vya nguvu. Lakini Mjomba anameza dawa za presha. Zikigombana tumboni? Kazi ninaweza kutafuta nyingine. Mjomba ninaye mmoja. Nikarudi kwa Dada, nikasema yote.

Ijumaa, 7 Juni

Mungu ni mwema. Mjomba ametibiwa. Daktari amesema angechelewa siku mbili angeletwa amebebwa. Dada wa Maabara alicheka hadi akaegemea friji. Alisema wezi wa kuku anawajua, mwizi wa damu ya mjomba ndiye wa kwanza. Nikawa naomba radhi macho nimefumba, kumbe kashanichoma! Sikusikia kitu. Mstari mmoja. Wala hakunishtaki. Nimethibitishwa!

Mjomba ametuma salamu: asante, na kofi la ile suruali linanisubiri. Nitalipokea kwa mikono miwili. Nakishukuru kipande kile cha plastiki. Namshukuru Dada. Sitadanganya tena maishani.

Jumamosi, 8 Juni

Tangazo jipya. Jumatatu, chanjo kwa wafanyakazi wote. Begani!

Natafuta mtu anayefanana nami kwa nyuma. Kama ni wewe, usiulize mapokezi. Zunguka uani, dirisha la masijala lenye kioo kilichopasuka. Gonga kwa ukucha mara tatu. Nitakupitishia shati langu na kitambulisho. Fika kabla ya saa mbili, na uwe umekwisha kunywa chai.